Maji ya kawaida yaliponichonyota uso

Nilijua mambo yameharibika siku maji ya udhu yaliponichonyota. Maji tu ya bomba, baridi ya Njombe mwezi wa sita, hayana sabuni wala limau wala chochote, nikaosha uso mara ya kwanza nikashtuka, mara ya pili nikafumba macho, ya tatu machozi yakawa yanatoka yenyewe nikabaki nimeinama pale juu ya ndoo sijui niendelee au niache. Niliswali Isha mashavu yananiwaka kama nimepakwa pilipili. Nilipokuja kujitazama kwenye kioo baadae sikuona wekundu wowote. Niliona uso mweusi, mkavu, unang'aa kwa namna ya ajabu kama nailoni iliyovutwa, na pembeni ya pua na kidevuni magamba madogo madogo meupe.

Hiyo habari ya wekundu naomba uishike, maana ndo iliyoniponza miezi miwili mizima nikiwa naunguza uso kwa dawa za chunusi.

Nianze mwanzo. Mi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimezaliwa na kukulia Dar, chunusi zilinianza nikiwa sekondari zikapoa, halafu zikarudi na nguvu nikiwa na miaka 26, safari hii kwenye taya na kidevu, zile kubwa za ndani ambazo hata ukilalia upande unasikia maumivu. Nilipohamishiwa Njombe nilikuja nazo. Kabla sijaondoka mtu mmoja wa famasi akaniuzia tyubu mbili, moja benzoili peroksaidi ya asilimia 10, nyingine tretinoini ya asilimia 0.05, na dawa zenyewe zilikuwa za kweli kabisa, akaniambia "paka usiku dada, utapona". Nikauliza kiasi gani, akasema ya kutosha. Basi nikapaka ya kutosha. Zote mbili, kila usiku, uso mzima kama mtu anavyopaka losheni, asubuhi naosha na sabuni ya uso yenye asidi ya salisiliki, jumamosi nasugua na skrabu ya punje punje, na kwa vile nilikuwa na chunusi niliogopa kitu chochote chenye mafuta, kwahiyo hakuna hata tone la kulainisha nililopaka. Nilikuwa naamini nikiukausha uso vya kutosha chunusi zitakosa pa kukaa.

Siku za mwanzo nilifurahi maana vipele vilianza kunywea. Wiki ya pili ngozi ikaanza kukakamaa, nikicheka nasikia mdomo unavutwa. Wiki ya tatu ikaanza kubanduka. Nikaingia mtandaoni kusoma na kila mahali wameandika ukiona wekundu punguza dawa, ukiona wekundu pumzika. Najitazama, wekundu hakuna. Nikajiambia ngozi yangu basi inaivumilia dawa vizuri, huku ni kupauka tu kwa baridi, endelea. Darasani mtoto mmoja wa la pili akaniuliza, "Mwalimu, uso wako umeungua na nini?" Nikamwambia ni baridi. Yule mtoto aliona vizuri kuliko mimi.

Ninachotaka kila mwenye ngozi kama yangu akijue ni kwamba maelezo mengi ya dawa za ngozi yameandikwa na watu wakiwa wanatazama ngozi nyeupe. Ngozi yetu ikiungua na dawa haiwi nyekundu kama nyanya. Inazidi kuwa nyeusi, au inakuwa na rangi ya zambarau iliyofifia, au kijivu cha majivu, na mara nyingi jicho halioni kitu mpaka mkono uhisi kwanza. Weka kiganja kwenye shavu, kama kuna joto ambalo paji la uso halina, hiyo ni dalili. Losheni uliyoizoea miaka yote ikianza kukuchonyota, dalili. Ukinawa halafu kabla hujafika chumbani ngozi imeshakaza, dalili. Ule mng'ao wa nailoni ambao wengine wanausifia wanakuambia "dada unang'aa", huo nao dalili. Na vinatangulia pembeni mwa pua, kwenye pembe za mdomo, chini ya macho na shingoni, maana ngozi ya sehemu hizo ni nyororo na krimu inajikusanya kwenye mikunjo usiku.

Halafu linakuja hili la madoa, ambalo kwangu ndo lililouma zaidi. Ngozi nyeusi ikiumia, iwe kwa chunusi iwe kwa dawa ya chunusi, inamwaga rangi pale ilipoumia, na rangi hiyo inakaa miezi. Kwahiyo mashavu yangu ambayo hayakuwahi kuwa na chunusi hata moja yakaanza kuwa na mabaka meusi kwasababu ya dawa niliyoipaka mahali pasipo na ugonjwa. Na mi nilivyoyaona nikadhani ni ngozi iliyokufa imeganda, nikaongeza kusugua. Nikisugua inazidi kuumia, ikiumia inazidi kuwa nyeusi, ikiwa nyeusi nazidi kusugua. Nilizunguka humo wiki kadhaa, namshukuru Mungu sikuzunguka mwaka.

Baadae ndo nilikuja kuelewa ndani kunatokea nini. Ngozi ya juu kabisa imejengwa kama ukuta, chembe zilizokauka ndo matofali, katikati yake kuna mafuta maalum, seramidi na kolesteroli na asidi za mafuta, hayo ndo udongo unaoshika matofali. Ukuta ukiwa mzima maji ya mwilini hayatoki hovyo na vya nje haviingii hovyo. Tretinoini kazi yake ni kuharakisha zile chembe zijitengeneze na kupukutika upesi ili vitundu vya ngozi visizibe, na inafanya kazi hiyo vizuri sana, Wamarekani walianza kuandika habari zake kwenye chunusi mwaka 1969 na mpaka leo madaktari wanaitegemea. Ila ukiipa ngozi ambayo haijazoea, matofali yanapukutika kabla udongo haujashika. Benzoili peroksaidi yenyewe inatoa oksijeni inayoua bakteria wa chunusi, nayo inakausha. Sabuni ya kipande inaongezea, maana ngozi ya uso kawaida ina uasidi kidogo, pH (kile kipimo cha uasidi) karibu 5 hivi, na sabuni nyingi za vipande ziko 9 mpaka 10, yaani hazina uasidi kabisa. Ukivifanya vyote kwa pamoja unakuwa umebomoa ukuta mzima, ndo maana hata maji matupu yanachonyota, yanapita moja kwa moja kwenye nyufa na kugusa mishipa ya fahamu.

Sasa ukifika hapo kila mtu ana dawa. Mwenzangu wa shule akaniambia paka limau, nikapaka, na sitaki hata kulizungumza sana hilo, limau ni asidi tupu na ukitoka nalo juani linaweza kukuunguza upya, usiweke limau usoni. Mwingine akasema dawa ya meno. Shangazi yangu wa Tanga akanipigia, "mwanangu tengeneza liwa, changanya na manjano, ndivyo tulivyokuwa tukifanya", na mi liwa naipenda, harufu yake ni harufu ya nyumba ya bibi, ila liwa ikikauka usoni inavuta, na kuibandua kwenye ngozi iliyochubuka unabandua na ngozi. Nilimwambia shangazi nitaipaka nikipona. Na nimeipaka kweli, baadae sana.

Kilichonipata kibaya kuliko vyote kilikuja kwa upole. Nilienda duka moja la vipodozi nikamwonyesha dada wa pale uso wangu, akanionea huruma, akatoa krimu ndogo akasema hii inapoza, usiku tatu tu. Nikapaka. Na kwa kweli ilipoza. Usiku wa kwanza kuchonyota kukaisha, wa pili magamba yakaisha, wa tatu nikaamka na uso laini ambao sijauona toka form two, yaani nililia kwa furaha. Sikusoma karatasi ya ndani. Ilikuwa imeandikwa klobetasoli, na klobetasoli ni katika steroidi za kupaka kali kuliko zote, madaktari wanaitoa kwa ugonjwa maalum na kwa muda mfupi, usoni wanaiepuka. Mi nikaitumia wiki tatu, huku naendelea na tretinoini kwasababu sasa "ngozi imeivumilia".

Steroidi inazima ule uvimbe na kuwasha, ila ukuta hauujengi, tena inazidi kuufanya mwembamba. Wiki ya tatu vikaanza kutoka vipele vidogo vidogo vya saizi moja kidevuni na kuzunguka mdomo, havifanani na chunusi zangu za zamani, nikiiacha krimu siku mbili uso unawaka moto, nikiirudia unapoa. Ngozi ilishazoea kupozwa na kitu ambacho ndo kinaiharibu. Na ndivyo wanavyonaswa dada zetu wengi wa mkorogo, wapo walioanza na upele tu na kutafuta kitu cha kutuliza, wala hawakuwa na haja ya kuwa weupe. Ukinunua krimu yoyote ya kupoza soma majina yaliyoandikwa kwa herufi ndogo, ukiona klobetasoli au betamethasoni na hujaandikiwa na daktari, irudishe. Kama haina maandishi kabisa, ile ya kukorogwa kwenye kikopo, usiiguse hata kwa mkono wa kushoto.

Likizo nikaenda kumuona daktari wa ngozi. Mama wa makamo, anaongea taratibu. Akaniambia nimwage mezani kila ninachopaka, nikamwaga mfuko mzima, vitu tisa. Akavitazama muda mrefu bila kusema, akachukua ile ya klobetasoli akauliza, "Hii muda gani?" Nikamwambia wiki tatu. Akasema, "Shikamoo yako nimeipokea vizuri mwalimu, sasa na wewe nisikilize vizuri. Hapa hakuna cha kuongeza. Unaacha vyote." Nikauliza hata ya chunusi? "Hata ya chunusi. Chunusi itakusubiri, ngozi haiwezi kukusubiri." Akanipangia namna ya kuiacha ile steroidi, akanionya kwamba siku za mwanzo uso utalipuka kuliko sasa na nisikimbilie kuirudia, halafu akaniambia ngozi ya juu inajibadilisha kwa kama wiki 4, kwahiyo nisijipime kwa siku, nijipime kwa mwezi.

Huo mwezi ndo nataka kuuelezea polepole maana nilichofanya ni kidogo sana na ndo kiliniponya.

Asubuhi sikutumia sabuni kabisa, maji tu. Usiku sabuni ya uso isiyo na harufu, ile ya maji maji isiyotoa povu jingi, kwa vidole, hakuna kitambaa hakuna sponji, na maji ya vuguvugu. Hapa kwenye vuguvugu watu wa mikoa ya baridi tunakosea sote, asubuhi kuna umande wa barafu nje, unachemsha maji unaoga yanatoa moshi, unasikia raha, lakini maji ya moto yanayeyusha yale mafuta ya ukutani na kuondoka nayo. Pia nilikuwa nakaa karibu na jiko la mkaa jioni nikisahihisha madaftari, uso umeelekea moto, saa nzima. Nikahamisha kiti, nikajifunga shuka.

Udhu ndo ulikuwa mtihani wangu. Uso unaoshwa mara 3, mara 5 kwa siku, hiyo ni mara 15 unalowa na kukauka, na kila maji yanapokauka yenyewe usoni yanaondoka na unyevu wa ngozi. Nilimuuliza ustadhi wetu, akanieleza kwamba maji yakimdhuru mtu kweli dini ina nafasi ya kutayamamu, yaani kutumia udongo safi badala ya maji, ila kama maji ya vuguvugu yanavumilika basi nitumie hayo, na kidogo yanatosha, kumwaga maji mengi hakuna sifa. Daktari naye akanipa upande wake, kila baada ya udhu nisisugue na taulo, niguseguse tu kwa kitambaa laini cha pamba, na uso ukiwa bado na unyevunyevu nipake cha kulainisha hapo hapo, ndani ya dakika moja. Nikawa nabeba kichupa kwenye mkoba mpaka shuleni. Ajabu ni kwamba udhu uliokuwa unanikausha ukageuka kuwa ratiba yangu ya kupaka, mara tano kwa siku, wala sihitaji alamu.

Kichupa chenyewe kilikuwa na gliserini. Gliserini ya famasi, ya bei ndogo, inavuta maji na kuyashika kwenye ngozi. Ukiipaka tupu kwenye ngozi kavu kwenye hewa kavu inaweza kunata na hata kuchonyota, kwahiyo nilichanganya sehemu moja ya gliserini na sehemu kama nne za maji yaliyochemshwa yakapoa, kidogo kidogo, baada ya siku tatu namwaga nachanganya mengine. Wengi pwani wanachanganya na maji ya waridi, ni desturi nzuri lakini manukato kwenye ngozi iliyoungua ni kutafuta kesi, acha kwanza.

Usiku juu ya hiyo gliserini, mafuta ya mgando. Najua. Najua mwenye chunusi akisikia mafuta ya mgando anaruka, na mi niliruka. Lakini mafuta ya mgando yaliyosafishwa vizuri hayazibi vitundu vya ngozi, kazi yake ni kuwa kifuniko wakati ukuta unajengwa chini. Yaligunduliwa kwa watu walioungua kama sisi, kule Titusville, Pennsylvania, mwaka 1859, mkemia kijana anaitwa Robert Chesebrough aliona wachimba mafuta wanajipaka ule utando mzito unaoganda kwenye mashine zao pale wanapojikata au kuungua, akauchukua akausafisha miaka, mwaka 1872 akapata hati yake Marekani na jina Vaseline. Tafuta yasiyo na harufu wala rangi. Safu nyembamba, kama unapaka siagi kwenye mkate wa mgeni usiyetaka ajue siagi imekwisha. Tofauti na mafuta ya nazi, ambayo mimi nayapenda kwenye nywele na kwenye miguu lakini usoni kwa mwenye chunusi yanaziba, hayo niliyaacha kwa mama.

Siku uso ulipokuwa unawaka sana nilikuwa nachukua kitambaa safi nakichovya maji ya baridi ya kawaida, sio barafu, nakiweka mashavuni dakika kumi. Mara chache nilisaga oti zikawa unga laini kabisa, nikakoroga na maji mpaka ziwe kama uji mwepesi sana, nikachovya kitambaa humo. Oti zinatuliza kuwashwa kweli, Marekani mamlaka yao ya dawa iliitambua oti iliyosagwa kuwa kinga ya ngozi mwaka 2003.

Hijabu nayo. Kitambaa cha nailoni kilikuwa kinanisugua taya siku nzima, jasho na vumbi la chaki vinakaa pale pale. Nikahamia za pamba, nabadilisha kila siku, nafua na sabuni kidogo nasuuza mara mbili. Foronya hivo hivo.

Wiki ya kwanza ilikuwa mbaya kama daktari alivyosema. Vipele, joto, usiku nilikuwa nalala chali kama maiti. Wiki ya pili bado. Nilimpigia mama usiku mmoja nikamwambia siwezi kwenda darasani nikiwa hivi, akaniambia "nenda tu mwanangu, watoto wanataka kusoma, hawataki uso wako". Nikaenda. Katikati ya wiki ya tatu, alfajiri, nikaosha uso mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikafika kwenye mikono ndo nikashtuka kwamba sijasikia kitu. Maji yalikuwa maji.

Kurudia dawa ilikuwa baada ya wiki tano, na hapa ndo nilijifunza vile nilivyotakiwa kuanza toka mwanzo. Tretinoini tukashuka mpaka asilimia 0.025, usiku mbili tu kwa wiki, jumapili na jumatano. Kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima, unaigawa vitone, paji, mashavu, kidevu, ndo unasambaza, hiyo tu. Naipaka baada ya Isha ili isioshwe mpaka Alfajiri, uso uwe mkavu kabisa, nasubiri kama dakika 20 baada ya kunawa maana kwenye ngozi yenye maji inaingia kwa ukali. Kabla yake napaka mafuta ya mgando kidogo pembeni mwa pua, pembe za mdomo na pembeni ya macho, yawe kama uzio. Miezi ya mwanzo napaka losheni isiyo na harufu kwanza, inakaa, ndo dawa juu yake, inapunguza ukali. Baada ya mwezi bila kuchonyotwa nikaongeza usiku wa tatu. Mpaka sasa niko hapo, sijawahi kufika kila siku na sioni haja.

Ile benzoili peroksaidi ya 10 niliiacha moja kwa moja, nikatafuta ya 2.5. Kuna utafiti wa mwaka 1986 uliolinganisha 2.5, 5 na 10, na ile ya 2.5 ilipunguza chunusi karibu sawa na zile kali huku ikiwasha ngozi kidogo kuliko 10. Miaka yote hiyo imepita na bado tunauziwa 10 kama vile wingi ndo nguvu. Naipaka pale penye chunusi tu, asubuhi, dakika tano naosha, wala siichanganyi na tretinoini kwa wakati mmoja. Skrabu nilimpa mtu asugulie visigino.

Kama tretinoini ni kali kwako hata hivyo, kuna adapalini ya asilimia 0.1, ni ndugu yake mpole zaidi, muulize daktari. Na wote hao, tretinoini, adapalini, mama mjamzito au anayetafuta mimba asipake, aseme mapema apewe kingine.

Jua sikulipa uzito mwanzo kwasababu Njombe ni baridi na mawingu, na kwasababu tumeambiwa ngozi nyeusi haihitaji sanskrini, yaani krimu ya kukinga jua. Kuungua na jua haraka hatuungui, sawa, lakini madoa yangu yalikuwa yanalishwa na jua kila siku kwenye paredi ya asubuhi na uwanja wa michezo. Nilivyoanza kupaka sanskrini ya 30 na kuvaa kofia pana ndo mabaka yakaanza kufifia. Na nilifurahi kujua kwamba pale Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, kituo kilichoanza mwaka 1992, ndiko ilikoanza kutengenezwa sanskrini ya KiliSun kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino. Kwao ni suala la saratani, la kufa na kupona, mi nikiwaza hivyo sioni tena uzito kupaka yangu kila asubuhi.

Rafiki yangu mmoja chunusi zake zilikuwa za kovu, daktari akampa vidonge vya isotretinoini, dawa inayotumika toka mwaka 1982, ambayo inanyausha zile tezi za mafuta zenyewe. Kwake ukavu ulikuwa mwingine kabisa, midomo ilipasuka mpaka damu, macho makavu, pua ikawa inatoka damu asubuhi. Yeye mafuta ya mgando yalikuwa mfukoni muda wote, midomoni kila saa, na kidogo ndani ya pua kwa ncha ya kidole akilala. Alipimwa mimba kabla, na alikatazwa kabisa kubeba mimba maana ile dawa inaharibu mtoto tumboni. Vidonge hivi usipewe na rafiki, hata mmoja.

Na usikae nyumbani na kitambaa cha baridi ukiona kope zimevimba, malengelenge, au kuwashwa kunatambaa mpaka mahali ambapo hukupaka dawa, hiyo inaweza kuwa mzio, na mzio hauzoeleki kwa kupunguza kiasi. Usaha au utando wa njano unaoganda, hivo hivo, nenda hospitali siku hiyo.

Mwezi uliopita mdogo wangu alikuja kunitembelea toka Dar, ana miaka 19, chunusi zimemwanza. Jioni namwona anatoka bafuni anajipepea uso na daftari. Nikaweka kiganja shavuni kwake, la moto. Nikamuuliza "unapaka nini?" akaniambia dada mbona uso wangu mzima tu, hauna wekundu. Nikamleta kwenye mwanga, nikamwonyesha pembeni mwa pua yake palivyokuwa peusi kuliko kwingine, nikamwomba mfuko wake, tukamwaga kitandani. Vitu saba. Tyubu moja ilikuwa ya 10. Foronya aliyokuja nayo, ya kitenge cha bluu, ilikuwa na madoa meupe ya mviringo pale shavu linapolala, maana benzoili peroksaidi inachujua nguo, na yangu ya Dar ilikuwa na madoa kama hayo hayo. Nikachemsha maji, nikasubiri yapoe yawe vuguvugu, nikamnawisha mwenyewe kwa vidole, nikampaka gliserini, nikampaka mgando, akalala.